Chokaa ya Pauni Chache Ndiyo Iliyokuza Matumbawe Yangu

Nimechoka kusikia wanaoanza wakiambiwa kwamba matumbawe hayafugiki nyumbani bila mashine ya bei ya gari kuukuu. Naishi ghorofani, mashariki mwa London. Tangi langu ni la lita 180. Ndani yake kuna matumbawe magumu ya aina mbili: montipora iliyotanuka hadi upana wa sahani ya pilau, na akropora ya buluu ambayo kila nikiitazama imeongeza kitawi. Ile mashine ya kutia madini yenye pampu nne na programu ya simu, niliyoambiwa dukani kwamba bila hiyo nitazika kila kitu, sijainunua hadi leo. Kazi yake inafanywa na chokaa na mpira wa dripu.

Nianze na maji, kwa sababu ushauri mbovu ulianzia hapo. Muuzaji aliniambia maji ya bomba yanatosha, nitie tu dawa ya kuondoa klorini. Maji ya bomba ya London ni salama kwa kunywa, sina ugomvi nayo. Lakini yamepita kwenye miamba ya chaki, ni mazito kwa madini. Sheria ya Uingereza inaruhusu naitreti hadi miligramu 50 kwa lita, na sisi tunaofuga matumbawe tukiona 20 tayari tunakuna kichwa. Isitoshe, maji ya nchi hii kwa sehemu kubwa hutiwa fosfeti makusudi ili mabomba ya zamani ya risasi yasivuje sumu ndani ya maji. Kwa binadamu hiyo ni hekima. Kwa tangi, ni mbolea ya mwani: kila ndoo ya maji hayo unayomimina unaulisha mwani ule wa kijani wenye nywele, kisha unarudi dukani kununua dawa ya kuuua. Nilinunua mashine ya RO, yaani ya kuchuja maji yabaki karibu matupu bila madini, yenye hatua ya mwisho ya resini, kama pauni mia hivi, nikaifunga chini ya sinki. Tangu hapo mwani umebaki kwenye kioo tu, nao konokono wanaumaliza.

Kuchanganya chumvi, kupanga mawe, kusubiri bakteria wakae mpaka amonia na naitriti, zile sumu za uchafu wa tangi, zisome sifuri, hayo kila mtu anayajua, sitayarudia. Ila usubiri kweli. Anayekuuzia samaki wiki ya kwanza anauza, hafundishi.

Sasa chokaa. Tumbawe ni mnyama, na nyumba yake anaijenga mwenyewe kwa kalsiamu na kaboneti anazozinyonya majini. Baharini haziishi. Kwenye lita 180 zinaisha, na inayoisha mapema kuliko zote ni alkali, yaani akiba ya kaboneti majini, tunayoipima kwa digrii zake. Bahari iko kwenye digrii 7 hivi, mimi nashika 8. Nambari yenyewe si shida, tumbawe la digrii 7 linaishi na la digrii 9 linaishi. Kinacholiua ni kupandishwa hadi 10 Jumapili na kuachwa lishuke hadi 6 Ijumaa. Watu wengi humimina dawa mara moja kwa wiki, kisha wanashangaa ncha za akropora zinageuka nyeupe na nyama inachunika.

Maji ya chokaa si uvumbuzi wangu. Mfugaji Peter Wilkens ndiye aliyeieneza njia hii miongoni mwa wafugaji wa Ulaya miaka ya 1970, na wazee wa kazi hii bado wanaitumia. Lakini niliposoma ni unga gani huo, nilisimama. Ni chokaa ileile. Pwani kwetu nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe zilijengwa kwa chokaa iliyotoka kwenye matumbawe yaliyochomwa tanurini. Ukilichoma tumbawe linatoa hewa ukaa, ukilimwagia maji linavimba na kuwa chokaa nyeupe. Bibi yangu alikuwa nayo ndani ya kijaluba, akiipaka kwenye jani la tambuu kila alasiri. Mimi hapa naifanya safari hiyo kinyume: natia chokaa majini, inashika hewa ukaa, na tumbawe linaigeuza kuwa mwamba tena. Sijui kama kuna jambo lililonifurahisha zaidi katika kazi hii.

Tatizo la chokaa ni kwamba lazima iingie polepole. pH, kipimo cha uasidi na ubesi, ya maji yake inapita 12. Ukiyamwaga kwa pupa, maji ya tangi yanachafuka ghafla kwa chembe nyeupe, kalsiamu na alkali zote zinashuka pamoja, na samaki wanahema juu. Wengi hufundisha ufunge fundo kwenye mpira mwembamba wa pampu ya hewa, matone yadondoke. Lile fundo lilinisumbua sana. Likikazwa, matone yanakoma saa nane za usiku. Likilegezwa, yanatiririka.

Dada yangu ni nesi. Alikuja usiku mmoja, akaliangalia lile fundo, akasema, "Kaka, sisi wodini hatufungi fundo. Tuna gurudumu."

Alikuwa anasema kweli. Seti ya dripu ya hospitali ina kichupa cha plastiki unachokiona kila tone linapoanguka, na chini yake kigurudumu kinachobana mpira kwa kadiri unayotaka. Akanipa na hesabu yake: seti ya kawaida ya mtu mzima, matone 20 ni mililita moja. Basi tone moja kwa sekunde ni mililita 3 kwa dakika, 180 kwa saa. Taa zangu zinazima saa nne usiku, mimi naamka saa moja asubuhi. Saa tisa hizo zinatoa lita 1.6. Na tangi langu, kwa mvuke, hupoteza lita moja na nusu au zaidi kidogo kwa siku, ambayo lazima uirudishe kwa maji yasiyo na chumvi kwa sababu chumvi hairuki na mvuke. Kwa hiyo badala ya kujaza maji matupu, najaza maji ya chokaa. Niliagiza seti mpya kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa.

Dumu la lita mbili liko kwenye rafu juu ya tangi. Lita moja ya maji haiyeyushi zaidi ya gramu 1.7 hivi za chokaa, kwa hiyo usijaze mikono. Natia gramu mbili kwa lita, natikisa, naacha saa kadhaa mpaka weupe utulie chini. Ninayoyataka ni yale maji maangavu ya juu, ndiyo maana ncha ya mpira naiweka vidole viwili juu ya mashapo. Dumu lazima liwe na kifuniko chenye tundu dogo tu, kwani hewa ya chumbani inaigeuza chokaa kuwa utando mgumu usio na faida. Tone linaanguka mahali ambapo pampu ya mawimbi inasukuma kwa nguvu, kamwe si juu ya tumbawe. Kila wiki mpira unaoga kwa siki, la sivyo chokaa inauziba. Na dumu halipewi zaidi ya kipimo cha usiku mmoja, ili hata siku kigurudumu kikilegea yote yakaingia, hasara iwe ya kuvumilika.

Kwa nini usiku? Kwa sababu mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe hutumia hewa ukaa mchana, na taa zikizima kazi hiyo inasimama, pH inashuka. Chokaa inaiinua wakati huohuo. Wakati wa baridi, madirisha yamefungwa na watu wanne wanapumua ndani, pH ya tangi langu ilikuwa inashuka hadi 7.8. Tangu chokaa, haijashuka chini ya 8.1. Nimeona wanaouziwa chupa za "kuongeza pH" kwa bei ya kutisha, kumbe hewa ya chumba ndiyo iliyojaa. Fungua dirisha robo saa kwanza.

Usianze na kipimo kamili. Maji yaliyoshiba chokaa, lita 1.6 kwa tangi kama langu, yanaongeza karibu digrii moja ya alkali kwa siku, na tangi changa halili kiasi hicho. Anza na nusu gramu kwa lita, pima saa ileile kila siku, panda kadiri matumbawe yanavyokula. Na vaa miwani. Chokaa ikiruka jichoni si mchezo, na watoto wasifike kwenye rafu hiyo.

Rafiki mmoja alisisitiza ninunue chokaa ya tambuu kwenye maduka ya Wahindi, ile ya kwenye kopo, kwa vile ni ya kuliwa. Hapana. Hiyo ni uji, hujui uzito wa chokaa yenyewe, na nyingine zimetiwa vitu vya ladha. Chokaa ya ujenzi ndiyo usiiguse kabisa. Tafuta unga safi wa hidroksidi ya kalsiamu wa daraja la chakula, ule unaouzwa kwa kutengenezea achari. Kilo moja, pauni chache, inanitosha miezi kumi hivi. Unga huohuo ukitiwa kwenye kopo lenye picha ya tumbawe, bei inaruka mara nne.

Chokaa hiyohiyo ndiyo iliyoniokoa na aiptasia, yule mdudu wa jamii ya anemoni anayeingia na mawe, akizaliana anachoma majirani. Dukani waliniuzia kamba wawili, wakaapa kwamba ndio wale wanaokula aiptasia. Baada ya siku chache aiptasia wako palepale, na zoanthidi zangu, wale jamaa laini wa matumbawe wanaofunguka kama maua, zinafunga, zinapungua. Niliwasha tochi yenye mwanga mwekundu usiku wa manane, nikawakuta wote wawili juu ya koloni langu la kijani wakinyofoa. Kamba anayekula aiptasia ana mwili unaopenyeka mwanga, wenye mistari myekundu hafifu. Hawa walikuwa wekundu wa kukolea, na mistari myeupe iliyo wazi, macho makubwa, na nundu mgongoni. Ni kamba ngamia, Rhynchocinetes durbanensis, mla zoanthidi anayejulikana.

Kumkamata kwa wavu kati ya mawe haiwezekani, utabomoa tangi zima. Nilikata chupa ya plastiki sehemu ya juu, nikaigeuza shingo ikaangalia ndani, nikatia kipande cha kome, nikailaza mchangani taa zikiwa zimezimwa, kama dema la mvuvi wa kwetu: kuingia rahisi, kutoka hawaoni njia. Asubuhi wote wawili wamo. Niliwarudisha dukani, muuzaji akakataa kwamba amekosea, nikamwonyesha nundu kwa kidole, akanyamaza, akanirudishia pesa.

Aiptasia nikawamaliza mwenyewe. Chokaa na matone machache ya maji ya RO, mpaka iwe uji mzito. Zima pampu zote, vuta kwa sirinji, mkaribie polepole bila kumshtua, umzibe mdomo kwa uji huo kabla hajajivuta shimoni. Subiri dakika kumi, washa pampu. Watatu au wanne kwa siku, wasizidi, maana kila sirinji inapandisha pH. Na usimkwangue kwa kisu, kwa sababu kila kipande kitakachobaki kinaweza kuwa aiptasia mpya.

Mama aliniuliza kwa simu, "Mwanangu, huko Ulaya unalisha mawe?" Nilimwonyesha kwa video usiku, wakati wa kulisha, mikono midogo ya tumbawe ikinasa chakula na kukipeleka mdomoni. Akatulia, kisha akakumbuka mwaka 1998, wavuvi wa kwetu waliporudi wakisema mwamba umegeuka mweupe. Ulikuwa mwaka wa joto la El Niño. Bahari ikizidi joto, tumbawe hufukuza ule mwani wake na kubaki mifupa inayoonekana. Ndiyo maana tangini nina hita mbili ndogo badala ya moja kubwa: moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kuwachemsha. Nashika digrii 25 na nusu.

Binamu yangu alijitolea kuniletea kipande cha tumbawe kutoka nyumbani kwenye begi. Nilimkatalia kwa ukali. Matumbawe yote ya mawe yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali, na mbuga zetu za Malindi na Watamu zinalindwa tangu 1968. Yangu yote ni vipandikizi vilivyokatwa kwenye matangi ya watu wengine hapahapa. Wa kutoka kwetu ni mmoja tu, samaki Ecsenius midas wa rangi ya dhahabu, aliyeingia kihalali na karatasi zilizoandikwa Kenya. Namuona akichungulia kwenye tundu lake, moyo unajaa. Huruka, kwa hiyo tangi lina wavu juu.

Chokaa ina kikomo: huwezi kutia zaidi ya maji yanayokauka. Montipora ikizidi kukua, alkali itaanza kushuka hata kwa kipimo kamili. Hapo naweka feni ndogo ipulizie uso wa maji, mvuke unaongezeka, na nafasi ya chokaa inaongezeka nayo. Aliye Dubai au Muscat anayeendesha feni kupoza tangi anapata faida mbili kwa umeme mmoja. Mimi bado sijafika huko. Kwa sasa nakata matawi ya akropora, nayagandisha kwenye vijiwe kwa gundi, na duka jingine, si lile la kamba, linayachukua na kunipa chumvi ya tangi. Ndoo mbili za mwisho za chumvi sijazilipia hata senti.