Futi ya seremala na reli ya Lubumbashi

Jumapili iliyopita niliazima futi ya fundi seremala nikaenda kupima reli. Karibu na stesheni kuu hapa Lubumbashi, Kongo, pana njia ya pembeni ambayo majani yameshaimeza. Nikachutama, nikaweka ncha kwenye ukingo wa ndani wa chuma kimoja, nikaivuta hadi ukingo wa ndani wa pili: sentimita 106 na ushee. Kijana mmoja muuza maji akanitazama, akauliza, "Papa, unapima juu ya kuuzisha?" Simlaumu. Chuma chakavu kina soko huku.

Nilitaka kuona kwa macho jambo ambalo nilikuwa nalijua kwa maneno tu. Nyumbani kwetu Dar ni Kipunguni B, na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inapita nyuma ya nyumba. Upana wake ni milimita 1,067. Hii ya Lubumbashi ni hiyohiyo. Ukiifuata TAZARA kilomita zake zote 1,860 unafika Kapiri Mposhi, unashika reli ya Zambia hadi Ndola, unavuka Sakania, na kutoka hapo zimebaki kilomita 255 uingie mjini kwetu. Yaani kichwa cha treni kinachopita nyuma ya choo cha mama kingeweza kuja kusimama hapa bila kubadilishwa magurudumu. Ningekulia Pugu Stesheni, kwenye Reli ya Kati ya zamani, hadithi ingeishia njiani, maana ile ni mita moja kamili.

Mimi lakini nilikuja kwa lori. Tunduma, Nakonde, kisha foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ambayo madereva wetu wanaijua kuliko nyumba zao.

Mwenyeji aliyenifungua macho ni jirani yangu, mzee mstaafu wa reli. Wao hawasemi stesheni, wanasema gare. Aliingia kazini miaka ya 1970, kipindi ambacho KDL, kampuni ya reli ya Katanga, iliunganishwa na nyingine mwaka 1974 ikawa SNCZ. Zaire ilipogeuka Kongo, herufi ya mwisho nayo ikageuka: SNCC. Nilipomuuliza kwa nini reli yao inafanana na yetu, alicheka. "Ile njia ilitoka kusini, mwanangu. Bazungu ba kwanza hapa balikuwa banasema Kingereza."

Ni kweli. Treni ya kwanza iliingia hapa Septemba 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Elisabethville. Haikutoka upande wa Kinshasa, ilitoka Rasi ya Afrika Kusini, ikapita Bulawayo, ikavuka daraja la maporomoko ya Victoria la mwaka 1905, ikapanda kufuata shaba. Kipimo cha 1,067 ni cha huko Rasi. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba nayo yalitoka kusini, Wankie, kwenye Zimbabwe ya leo. Wachina walipokuja kutujengea TAZARA miaka ya 1970 walikifuata kipimo hicho ili reli yetu ishikane na ya Zambia.

Wabelgiji hawakufurahia kuona shaba yao inapita kwa Waingereza. Wakasukuma reli hadi Bukama mwaka 1918, kisha hadi Ilebo mwaka 1928. Shaba ikawa inateremshwa treni Ilebo, inapakiwa kwenye boti za Mto Kasai hadi Kinshasa, inateremshwa tena, inapanda treni nyingine kwenda Matadi. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kupakua mizigo ataelewa kwa nini nilishika kichwa. Reli ya magharibi, ya kwenda bandari ya Lobito kupitia Angola, ilifunguka mwaka 1931, na vita vya kule vikaifunga kuanzia 1975, mwaka ambao TAZARA ilikuwa inamalizwa kutandikwa.

Siku hizi gare ni mizigo zaidi. Treni ya abiria ya kwenda Kamina, Ilebo au Kalemie si ya kila siku, na anayeipanda anajiandaa kama anayehama: godoro, sufuria, unga wa bukari, kuku. Kwenda kazini watu wanapanda taksi-basi. Hapo ndipo ninapoikumbuka treni ya Mwakyembe, ile ya mjini Dar, iliyoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, iliyoanza Oktoba 2012. Ya TAZARA ilikuwa inakuja hadi Mwakanga na kusimama kwetu. Tulibanana, tulikanyagana, ila foleni ya magari tuliiona dirishani tu.

Baada ya kupima nilimpigia mama. Tukiwa katikati ya habari za mvua, kichwa kilichokuwa kinapanga mabehewa kikapiga honi. Mama akanyamaza kidogo.

"We, uko wapi? Mbona treni naisikia hapo nyuma?"

"Ni ya huku, mama."

"Basi si uipande uje."