Nilivyoipata kazi ya kusoma habari redioni na sauti yangu nyembamba

Kila niliyemwambia nataka kusoma taarifa ya habari alinipa ushauri uleule: sauti yako nyembamba, kunywa mayai mabichi, lamba asali na tangawizi, jifunze kuongelea kifuani. Ushauri huu unanikera mpaka leo, maana unawakatisha tamaa mabinti wenye uwezo. Msikilizaji hatafuti besi. Anataka aelewe papo hapo, kwa sababu hawezi kukurudisha nyuma.

Mimi nilihangaika na karatasi. Jioni nilirekodi Dira ya Dunia ya BBC kwa simu, nikainakili neno kwa neno, kisha nikasikiliza upya nikitia mkwaju wa penseli kila msomaji alipovuta pumzi. Wazoefu hawapumui kwenye kila koma. Wanangoja wazo liishe.

Siku ya usaili, kwenye kituo kimoja cha Dar es Salaam, tuligawiwa habari muda mfupi kabla ya kuingia studio. Wenzangu wakaanza kuzisoma kwa sauti. Mimi nikatoa penseli. Mkutano ulikuwa saa 1400 GMT: ongeza tatu, geuza kuwa saa zetu, nikaandika saa kumi na moja jioni. Wakimbizi 205,000: ukisema "elfu mia mbili na tano", mwingine atasikia laki mbili na watu watano. Nikaandika laki mbili na elfu tano. Juu ya jina la Erdoğan nikaandika Erdo-an, kwani ile g yenye kofia haitamkwi. Mwisho nikang'oa pini, ili kila ukurasa niutelezeshe pembeni bila maikrofoni kunasa mchakacho.

Nilipotoka, mhariri aliichukua karatasi yangu akaikagua mstari kwa mstari. "Dada, nani kakufundisha hivi?" Nikamjibu, nimejifunza mwenyewe. Najivunia jibu lile.

Nilianzia zamu ya alfajiri, na bado naipenda. Kuamka saa tisa usiku, bodaboda ya elfu tatu hivi, mvua ikinyesha hata tano. Chai ya maziwa nakunywa nikishamaliza kusoma. Kabla ya hapo ni maji ya uvuguvugu tu. Na penseli yako iwe na kifutio, maana idadi ya majeruhi hubadilika hata ukiwa umeshakaa mbele ya maikrofoni.