Uso wa Bob Marley ubavuni mwa matatu

Kazi ya kuupulizia rangi uso huo kwenye bati la gari huanzia kwenye kompyuta. Fungua picha katika Photoshop, iondoe rangi ibaki ya kijivu, kisha ipunguze iwe na ngazi nne tu: mwanga, kivuli chepesi, kivuli kizito na weusi. Hapo ndipo utajua kama inafaa. Picha iliyopigwa flashi ya mbele huwa bapa, pua haionekani. Itafute nyingine, hata kama mwenye gari ameing'ang'ania hiyo.

Bati lipigwe msasa wa maji namba 800, lipanguswe mafuta, ndipo uchore miraba ya sentimita 10 ya kukuongoza kuihamisha picha. Eabrashi, yaani kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, yenye nozeli ya milimita 0.3 inatosha, kwa presha ya psi 20 hivi. Rangi iwe nyepesi kama maziwa. Anza na vivuli vyepesi, tabaka kwa tabaka; weusi mtupu usubiri mwisho, maana kuufuta ni balaa. Rangi ikitoa vijimkia pembeni, ni nyepesi mno au umelisogelea bati kupita kiasi.

Adui mkubwa Mombasa ni unyevu. Hewa ikibanwa ndani ya kompresa, mvuke hugeuka maji, nayo hutemwa matone katikati ya paji la uso. Weka kichujio cha maji karibu na eabrashi, si kwenye tangi peke yake, na tangi lenyewe limwage maji kila siku. Laka ya juu, ile tabaka angavu ya kuukinga mchoro, usiipulize siku ya mvua: hushika ukungu mweupe, na dreda zote nyeusi zikaonekana za kijivu.