Kiporo kisichopashwa

Jumapili, saa nne usiku na ushei.

Nimemaliza msimu wa pili wa Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Marekani ya chombo cha anga za juu, kwa mara ya tatu maishani, na safari hii nimekataa kuiruka sehemu ya mwisho. Mdogo wangu, niliyekuwa naangalia naye, alipoona jina "Shades of Gray" limetokea, akanyanyuka kimya akaenda kuosha vyombo. Mtu akichagua sufuria lenye ukoko kuliko Riker, msaidizi wa nahodha wa chombo, ujue pana jambo.

Kwa asiyeijua: Riker anachomwa na mwiba kwenye sayari ya kigeni, vijidudu vinampanda kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Daktari Pulaski anamlaza, anamchoma visindano kichwani na kuziamsha kumbukumbu zake. Na kila kumbukumbu ni kipande cha sehemu tulizokwisha kuziona. Zile tamu, za wanawake hasa, zinavinenepesha vijidudu. Chungu zinavipunguza nguvu. Basi anakumbushwa vifo na mapigano hadi anapona. Mara ya kwanza kuiona nilidhani diski imekwaruzika inarudia yenyewe. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha.

Miaka baadaye ndipo nikaja kujua kisa chake. Mgomo wa waandishi wa Hollywood wa 1988, ulioanza Machi ukaisha Agosti, uliuchelewesha msimu mzima. Zikatoka sehemu 22, wakati msimu wa kwanza ulikuwa na 26. Hela nazo zilikuwa zimezidi kutumika huko nyuma, kwenye sehemu ya "Q Who" iliyowaleta Borg, maadui walio nusu mashine, kwa mfano. Wakatakiwa wafunge hesabu kwa sehemu ya kupigwa picha siku tatu. Ikaonyeshwa Julai 1989.

Mimi nimekulia nyumba ya viporo. Wali maharage wa jana, ukikaangiwa kitunguu asubuhi na chai ya rangi pembeni, unaushinda ule wa usiku. Kwa hiyo sina ugomvi na mtu aliyepakua kiporo. Ugomvi wangu ni kwamba hakukipasha. Kifo cha Tasha Yar, mkuu wa usalama aliyeuawa msimu wa kwanza, kinapita kama tangazo la biashara. Na Troi! Huyu aliwahi kuwa mpenzi wa Riker, na ana kipaji cha kuhisi yaliyo moyoni mwa mtu. Amesimama pembeni ya kitanda, anahisi jinsi mwanamume huyu anavyowatamani wanawake wengine, na inabidi amweleze daktari kwa sauti. Hapo tu palitosha kwa saa nzima, bila kipande hata kimoja cha zamani. Wakapapita mbio.

Lakini usiku wa leo nimeumia kwa ajili ya Pulaski. Zamani nilikuwa simpendi. Siku aliyoingia alilitamka vibaya jina la Data, yule roboti mwenye umbo la mtu, akasahihishwa, akauliza kuna tofauti gani; Data akamjibu kwamba moja ni jina lake na lingine silo. Nilishangilia. Ila ukizifuata sehemu kwa mpangilio unamwona mama yule akibadilika pole pole. Katika "Peak Performance", sehemu iliyotangulia hii, ni yeye anayemsukuma Data kwenye mchezo, na Data akishindwa ni yeye anayekwenda kumbembeleza.

Halafu ndiyo hii, anahangaika juu ya mgonjwa mwanzo hadi mwisho, anamwokoa, na hatumwoni tena. Msimu wa tatu ulipoanza Septemba ile, Crusher, daktari wa msimu wa kwanza, alikuwa amerudi. Crusher alipoondoka tuliambiwa amekwenda kuongoza idara ya tiba ya Starfleet, kikosi chao cha anga. Pulaski hakuagwa wala hakuulizwa. Diana Muldaur, aliyemwigiza, alikuwa ameshaigiza katika ile Star Trek ya kwanza mara mbili, 1968. Si mgeni wa kupita njia huyo.

Mdogo wangu amerudi anafuta mikono kwenye khanga.

"Amepona?"

"Amepona."

"Haya, weka msimu wa tatu basi, angalau moja."

Nimemwambia kesho. Usiku huu daktari wa zamu bado ni Pulaski.