Mstari nilioruka

2009 baba alipofariki nilirudi Tanga kutoka chuo, na mtihani wa fasihi ya Kiingereza ulikua umebaki wiki mbili tu, kwahiyo nikawa nasomea humohumo chumbani kwa mama ambae alikua kwenye eda, miezi 4 na siku 10 ndani. Mchana mmoja akaniuliza, "Unasoma nini muda wote huo mwanangu?" Nikasita sana. Kilichokua mkononi ni "The Story of an Hour" ya Kate Chopin, hadithi fupi ya Marekani ya 1894, inamhusu mwanamke anaeambiwa mumewe kafa.

Nikaanza kumtafsiria. Louise Mallard ana ugonjwa wa moyo, wanamletea habari ya ajali ya treni kwa uangalifu, analia kwelikweli kifuani kwa dada yake, halafu anapanda chumbani peke yake anakaa kwenye kiti mbele ya dirisha. Nje miti inachipua, hewani kuna harufu ya mvua, shomoro wanapiga kelele. Kidogokidogo kuna kitu kinamjia, anakiogopa, anajaribu kukisukuma kisimfikie, mwisho mdomo wenyewe unatamka: huru, huru, huru. Hapo nikamwangalia mama. "Endelea," akasema. Mstari uliofuata kidogo mbele nikauruka, sikuweza.

Mara shangazi akagonga. "Wifi, mbona kimya humo?" Yani nilishtuka, maana hata kwenye hadithi dada wa Louise yupo mlangoni anabembeleza afunguliwe, anadhani mwenzie anajiumiza kwa kilio. Mama akajibu, "Tunasoma wifi."

Nikamalizia: mlango wa chini unafunguliwa, mume anaingia mzima, hata hajui kama kulikua na ajali, Louise anakufa palepale na madaktari wanasema kauliwa na furaha.

"Furaha gani?" Mama alikasirika kabisa. "Wamejuaje, na hakuna aliyemuuliza?" Kisha akasema, "Aliyeandika haya kafiwa na mume huyo."

Sikua najua. Nikafungua maelezo ya mwandishi mwishoni mwa kitabu na kweli, mumewe Oscar alifariki 1882, akamwachia watoto sita na madeni, yeye ana miaka 32, na vitabu vyote alivyoandika vilikuja baada ya hapo. Nikamsomea yote hayo.

"Sita," mama akasema. Sisi tupo watano. Akavuta tasbihi kwa muda mrefu tu, mpaka nikadhani tumemaliza, nikafunga kitabu.

"Rudi pale dirishani," akaniambia. "Kuna mahali uliruka, nilikuona macho."

Moyo ulinidunda, niliogopa nisije nikasikia jambo la baba ambalo sikua tayari kulisikia, lakini nikafungua, nikasoma: alimpenda mumewe, mara mojamoja. Mara nyingi hakumpenda.

Mama hakunitazama. Akasema, "Soma tena."