Ninavyochaji betri za vepu katika chumba kimoja

Vepu yangu, yaani sigara ya kielektroniki, inatumia betri mbili za 18650, yaani upana milimita 18, urefu milimita 65. Naishi chumba kimoja hapa Mombasa, soketi iko karibu na kitanda, kwa hiyo habari za betri kulipuka nazichukulia kwa uzito.

Sichaji betri zikiwa ndani ya vepu. Nilinunua chaja ya pembeni inayochaji kila betri kivyake na kukata yenyewe ikifika volti 4.2. Naiweka kwenye kasi ya ampea 1. Betri zangu za mAh 3000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) zinahimili ampea 1.5, lakini sina haraka, na joto la pwani linatosha. Nikiigusa betri inapochaji, iwe vuguvugu tu. Ikiwa ya moto sana naitoa, na hairudi tena kwenye vepu.

Kinachonishughulisha zaidi ni ile plastiki nyembamba iliyovishwa betri. Wengi huiona kama rangi ya urembo. Kumbe kopo lote la betri, kuanzia kitako hadi shingoni, ni hasi. Chanya ni kile kichwa kidogo cha juu. Hapo juu vinakaribiana mno, vimetengwa na duara jembamba la karatasi pamoja na hiyo plastiki. Ikichanika shingoni, chuma cha vepu kinaweza kugusa pande zote mbili, ikapiga shoti. Ndiyo maana kabla ya kuchaji naizungusha kila betri kwenye mwanga, nikipitisha kidole taratibu pale shingoni.

Moja nilipoiona imechubuka, nilimpelekea fundi wa simu mtaani. Akaigeuzageuza, akasema, "Kaka, betri nzima hii, nguo ndiyo imeisha." Akaivua, akaweka duara jipya, akavisha plastiki nyingine na kuipuliza kwa hewa ya moto mpaka ikasinyaa na kushika. Kazi ya dakika chache, na naiona muhimu kuliko chaja yenyewe.

Madukani zipo betri za ukubwa huohuo zilizoandikwa mAh 9900. Huo ni uongo. 18650 halisi haifiki hata nusu ya hapo. Aliyedanganya ujazo, siwezi kumwamini kuhusu ampea ambazo betri inahimili.

Zangu nilizinunua pamoja, zinatumika pamoja na kuchajiwa pamoja, kwa sababu ukichanganya kuukuu na mpya, ile dhaifu ndiyo inayoumia. Nikitoka na za akiba, zinakaa kwenye kikasha cha plastiki. Mfukoni kuna funguo na sarafu, nazo zinaweza kupiga shoti.

Chaja naiweka sakafuni juu ya vigae, mbali na pazia, nami niwe macho. Stima ikipotea naichomoa. Ikirudi nasubiri itulie kwanza. Usingizi ukinijia kabla hazijajaa, nazitoa zilivyo, maana betri ya litiamu haidhuriki kwa kuchajiwa nusu.