Mazutu imetunyima mzigo

Leo asubuhi, Lubumbashi, njia ya Kasumbalesa.

Baba mdogo amekosa mzigo wa shaba wa kwenda Dar es Salaam. Umechukuliwa na kijana mwenye lori jipya. Bei aliyotaja, sisi tungeikubali tungerudi na deni.

Hesabu yenyewe ndiyo hii: lori jipya likiwa na mzigo linaweza kunywa lita 35 za mazutu, yaani dizeli, kwa kilomita 100. Letu la zamani linafika 50. Njia ni karibu kilomita 2,000.

Lita 300 zaidi, kwenda tu!

Kilichoniuma ni daftari la baba mdogo. Kurasa zimejaa alama za vidole vyenye grisi. Alifuata mistari ya mazutu polepole, akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena.

"Mwanangu, lori si baya. Ila tumbo lake ni kubwa."

Nikakosa la kumjibu.

Lakini bado ninalitetea. Lori jipya ukilinywesha mazutu chafu, nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini zinakufa, na bila kompyuta ya kulipima fundi wa njiani hana la kufanya. Letu likizimika hata Tunduma, baba mdogo analifungua mwenyewe kwa spana zake na linanguruma tena.

Ninyi wenye malori, mngefanyaje? Tuliuze tutangulize malipo ya jipya, au libaki kwa safari fupi za Likasi na Kolwezi?

Niandikieni. Baba mdogo ameniomba nimsomee majibu yenu jioni hii.